Mtoto wa Sinema na Mtoto wa Nyumbani

SOMO LA VIKUNDI



Somo la leo si la mbolea wala la mikopo. Ni la sinema. Najua kuna mama atakayesema, "Ah, sisi na sinema wapi na wapi?" Lakini siku hizi sinema imeingia hata jikoni. Kijana ana filamu kumi ndani ya simu yake, na kule sokoni kibanda cha video hujaa Jumamosi kuliko baraza la chifu. Kuna aina moja ya filamu ambayo karibu ivunje kikundi ninachokitembelea. Ni zile filamu za kutisha zinazotengenezwa kwa pesa kidogo, kisa chake ni cha kijijini, na anayetisha si jini wala simba. Ni mtoto.

Kikundi chenyewe ni cha akina mama wafuga kuku. Mmoja wao ni nyanya anayelea mjukuu wake yatima wa miaka saba. Yule mtoto alikuwa akiamka usiku akipiga mayowe, macho wazi kabisa, wala hamtambui nyanya yake. Asubuhi ukimwuliza, hakumbuki lolote. Mchana hukaa kimya, peke yake. Watu walimhurumia, wakisema amefiwa na mamake. Halafu kibandani kukaonyeshwa filamu ya watoto wanaotoka usiku kwenda kwa wachawi. Wiki hiyo hiyo huruma ikaisha. Nilipofika mkutanoni, akina mama wawili walikataa kukaa mkeka mmoja na nyanya, na mmoja akaninong'oneza, "Mwalimu, lisemwalo lipo." Kuku walikuwa wamekufa kwa kideri, lakini kideri hakikutajwa. Alitajwa mtoto.

Basi tujifunze pamoja.

HOFU YA SINEMA HUTENGENEZWA NAMNA GANI?

Tuanzie mbali, ili tusigombane. Mwaka 1984 nchini Marekani ilitolewa filamu iitwayo Children of the Corn, yaani watoto wa mahindi. Iliongozwa na Fritz Kiersch, kutokana na hadithi fupi ya mwandishi Stephen King iliyotoka mwaka 1977. Kisa ni cha mji mdogo wa wakulima katika jimbo la Nebraska. Jumapili moja watu wazima wameketi hotelini. Kahawa yao imetiwa sumu, na wale ambao sumu haikuwaua wanamalizwa na watoto wenyewe. Anayewaongoza watoto ni mvulana mhubiri, Isaac, anayedai kwamba ndani ya mahindi kuna kitu kinachotaka damu. Miaka mitatu baadaye mtu na mwenzake wanapita hapo kwa gari, nao wanaingia mtegoni.

Sasa tupige hesabu kama mwekahazina. Inasemekana filamu hiyo iligharimu yapata dola 800,000. Kwa sinema za Marekani hizo ni pesa kidogo sana. Lakini iliingiza zaidi ya dola milioni 14, na tangu hapo zimetengenezwa nyingine nyingi za jina hilo hilo. Iliwezekanaje? Hebu tuangalie.

1. Shamba halikujengwa. Mji unaotajwa katika kisa ni wa kutungwa. Picha zilipigwa katika jimbo la Iowa, jirani ya Nebraska, ambako mahindi yamejaa kama kwetu Trans Nzoia. Mahindi marefu humficha mtu bure, bila kumlipa fundi.

2. Mtoto hahitaji kinyago. Zimwi ni lazima lishonwe na kupakwa rangi. Lakini mtoto ukimwambia asicheke na asipepese macho, tayari anatisha, kwa sababu tumezoea mtoto acheke.

3. Yule "mtoto" hata hakuwa mtoto. Isaac aliigizwa na John Franklin, mtu mzima wa zaidi ya miaka 20, ambaye mwili wake ulikuwa mdogo kwa sababu ya upungufu wa homoni ya kukua. Watazamaji waliona sura isiyo ya kawaida, wakaogopa. Kumbe walichokuwa wakiogopa ni hali ya afya tu. Jambo hili la tatu mlishike, tutalirudia.

Filamu nyingine ni ya Uingereza, ya mwaka 1960, Village of the Damned, iliyoongozwa na Wolf Rilla. Humo wanawake wa kijiji kimoja wanashika mimba kwa wakati mmoja bila kujua namna gani, na watoto wanaozaliwa wana nywele nyeupe na macho yanayong'aa. Zile nywele zilikuwa za kuvaa. Na macho? Wale waliowahi kushika filimu ya kamera ya zamani wanakumbuka kwamba kabla picha haijasafishwa, palipo peusi huonekana peupe na palipo peupe huonekana peusi. Mafundi walichukua picha ya namna hiyo wakaipachika juu ya macho ya watoto. Ni hivyo tu. Watoto wenyewe, kazi ikiisha, walirudi kwa mama zao.

Jaribuni jambo hili siku moja mkitazama pamoja. Filamu ikifika mahali pa kuogofya, zimeni sauti. Muziki ukinyamaza, mtabaki mkimwona mtoto wa watu amesimama shambani. Hofu nyingi ilikuwa ndani ya sauti.

FILAMU IKIFANYWA USHUHUDA

Hapo kote tumeona mchezo ambao mtazamaji anajua ni mchezo. Anaogopa, anacheka, anaenda kulala. Shida inaanza pale filamu inapoletwa kwetu kama habari za kweli.

Mwaka 1999 nchini Nigeria ilitoka filamu iitwayo End of the Wicked, iliyoongozwa na Teco Benson. Aliyeitunga ni mhubiri wa kike, Helen Ukpabio, mwanzilishi wa kanisa la Liberty. Humo watoto wanaonyeshwa wakiingizwa katika kundi la wachawi usiku, wakila nyama ya watu na kuwaletea mabaya watu wa nyumbani kwao. Ilikuwa filamu ya video, ya gharama ndogo, kama nyingi za Nigeria wakati ule. Lakini mtunzi huyo alikuwa pia akifundisha watu jinsi ya kuwatambua wachawi. Katika kitabu chake kimoja alitaja dalili za mtoto mdogo wa shetani, na miongoni mwake kulikuwa na kulia usiku na homa isiyokwisha. Mama yeyote hapa ananiambia: hiyo si ni malaria?

Katika miaka iliyofuata, watoto wengi katika majimbo ya Akwa Ibom na Cross River huko Nigeria walipigwa, wakaumizwa na kufukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi. Sitasema filamu moja ilileta hayo yote. Umaskini ulikuwepo, vifo vilikuwepo, na wahubiri wanaotoza pesa za kumtoa mtoto pepo walikuwepo. Watetezi wa watoto walilalamika kwamba filamu hiyo iliongeza kuni motoni. Mhubiri mwenyewe alikataa lawama. Mwaka 2010 alimwuliza mwandishi wa gazeti la Marekani kwa nini hadithi za uchawi za wazungu huchukuliwa kuwa hadithi tu, lakini yake, kwa kuwa ni Mwafrika, inachukuliwa kuwa mambo ya kweli.

Ndugu zangu, swali hilo lina uzito, tusilipuuze. Jibu langu ni hili: tuangalie inaonyeshwa wapi, na anayeionyesha anasema nini. Mwongozaji wa ile filamu ya mahindi hakusimama mlangoni akisema, "Nendeni mkamchunguze mtoto wenu." Filamu ikionyeshwa na mtu yule yule anayewafundisha watu dalili za wachawi, hiyo imeacha kuwa hadithi. Imekuwa ushuhuda dhidi ya mtoto asiye na wakili.

Mwaka 2008 jimbo la Akwa Ibom lilitunga sheria ya haki za mtoto, ambayo inamwadhibu anayemwita mtoto mchawi. Majirani zetu wa Kongo, ambako watoto wengi wa mitaani Kinshasa walifukuzwa nyumbani kwa shutuma hizo, waliliandika katika katiba yao ya mwaka 2006, kifungu cha 41. Mwaka 2010 shirika la UNICEF lilitoa uchunguzi kuhusu watoto wanaoshutumiwa katika Afrika ya Magharibi na ya Kati. Je, ni akina nani? Ni mayatima, walemavu, wenye kifafa, wenye ualbino, wakimya kupita kiasi, wakaidi. Mtaona ni kama lile jambo la tatu la Isaac. Watu wanaogopa hali ya afya au huzuni, halafu wanaiita uchawi.

DALILI ZA SINEMA NA DALILI ZA NYUMBANI

* Mtoto anaamka usiku akipiga mayowe, macho wazi, hasikii, na asubuhi hakumbuki. Hii ni hofu ya usingizini. Huwapata watoto wengi, na kwa kawaida huisha wakikua. Usimpige wala usimtikise. Mzuie asijigonge, kaa naye mpaka atulie.

* Anakatiza maneno ghafla, anakodoa macho sekunde chache, kisha anaendelea kama kwamba hakuna kitu. Inaweza kuwa kifafa cha aina isiyomwangusha mtu. Dawa ipo, mpeleke apimwe.

* Ana homa, anaweweseka, anatetemeka. Malaria ikipanda kichwani huua upesi. Hospitali ni siku hiyo hiyo. Kama ni kuomba, ombeni mkiwa njiani.

* Anakojoa kitandani, hasemi na watu, anajitenga. Huenda amefiwa, anapigwa, ana njaa, au kuna mtu anayemtendea mabaya. Mtoto huyu anahitaji mtu wa kumsikiliza.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Kwanza, zungumzeni na mwenye kibanda. Nchini Kenya filamu hupangwa kwa umri, na zile za alama ya 16 au 18 si za watoto. Mtoto wa miaka minane hana kazi kibandani usiku.

Pili, msitazame na kutawanyika. Kaeni dakika kumi baada ya filamu, mwulizane: nani aliitengeneza, anatafuta nini, na anataka nimwogope nani?

Tatu, mkisikia mtoto anaitwa mchawi, msingoje. Waoneni mzee wa kijiji, chifu au afisa wa watoto, au pigeni simu 116, ambayo ni ya bure. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 inakataza kumshutumu mtu hovyo kuwa mchawi, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamlinda mtoto asiteswe wala kutupwa.

Nne, andikeni katika katiba ya kikundi chenu kwamba hakuna mwanachama atakayetengwa kwa sababu ya maneno ya uchawi. Maneno yakiwa kwenye karatasi, hata anayenong'ona ataogopa kidogo.

Yule nyanya tulimsindikiza zahanati na mjukuu wake. Mhudumu alimweleza juu ya hofu ya usingizini, na mayowe yamepungua sana. Mtoto sasa yuko gredi ya nne. Kuku wamechanjwa kideri. Kati ya wale akina mama wawili, mmoja alikuja akaomba radhi mbele ya kikundi, na watu wakapiga makofi. Mwingine mpaka leo, nyanya akiketi, yeye huhamisha mkeka wake kidogo tu, kama mtu anayefuata kivuli. Mtoto huona. Ndiyo sababu nimeandika somo hili.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni filamu gani ya kutisha mliyoitazama karibuni? Ni nani aliyefanywa wa kuogopwa: mtoto, mama mzee, mlemavu, au mgeni? Kwa nini alichaguliwa yeye?

2. Je, katika kijiji chetu kuna mtoto ambaye watu hawataki acheze na watoto wao? Shida yake hasa ni nini, na nani amewahi kumwuliza?

3. Jambo baya likitokea, kama kuku kufa au mvua kukosa, sisi huuliza "kwa nini" au huuliza "ni nani"? Swali lipi hutusaidia kupata dawa?

4. Nani kati yetu atamtembelea mtoto huyo kabla ya mkutano ujao? Katibu aandike jina.