Mshtuko wa sepsisi: usiiamini presha peke yake, bonyeza kidole

Mgonjwa mwenye maambukizi makali anaweza kuwa na presha ya 105/60, kipimo cha kidoleni kikasoma oksijeni asilimia 96, na huku figo zake zinakosa oksijeni. Presha inahusu mishipa mikubwa. Asilimia ile inaonyesha ni sehemu gani ya himoglobini iliyobeba oksijeni, na kwa wenye ngozi nyeusi inaweza kusoma juu kuliko hali halisi. Hakuna kati ya viwili hivyo kinachokuambia kama damu inafika kwenye mishipa midogo. Kwa hilo, bonyeza kidole.

Mlaze mgonjwa, mkono wake uwe usawa wa moyo, mwanga uwe wa kutosha. Bonyeza nyama ya ncha ya kidole cha shahada, upande wa kiganja, ambako rangi huonekana vizuri hata kwa mtu mweusi sana. Ikishapauka, shikilia hivyo kwa sekunde 10. Tumia saa, usihesabu kichwani. Wengi wetu hubonyeza mara moja na kuachia, ndiyo maana wauguzi wawili hupata majibu mawili kwa mgonjwa yule yule. Achia, kisha hesabu hadi rangi irudi: ikizidi sekunde 3, damu haifiki inavyotakiwa. Rudia kila nusu saa mpaka hali itengemae, halafu kila saa. Andika namba, neno "nzuri" halimsaidii anayepokea zamu.

Hivyo ndivyo walivyofanya watafiti wa Amerika ya Kusini kwa wagonjwa 424, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, ila wao walibonyeza kwa kioo cha hadubini. Katika siku 28, vifo vilikuwa asilimia 34.9 kwa waliotibiwa kwa kufuata kidole, na 43.4 kwa waliofuatwa kwa kipimo cha lakteti. Kitakwimu, tofauti hiyo haikutosha kukipa kidole ushindi. Kwa hospitali isiyo na kipimo cha lakteti, mimi naona inatosha kabisa.

Ila kuna mtego. Wapo wanaoingia na mikono ya moto na rangi inayorudi upesi, huku presha iko chini. Seli zikikosa oksijeni hutoa adenosini, inayolegeza mishipa ili damu ipite. Katika sepsisi adenosini hupanda kwenye damu, ikaungana na naitriki oksidi na kemikali nyingine, na mishipa ikalegea kupita kiasi: damu inajaa pasipohitajika na kukosekana inapohitajika. Kwa hiyo kidole kizuri hakifuti presha mbovu. Angalia pia fahamu, kasi ya kupumua na mkojo, ambao kwa mtu mzima usipungue nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kwa saa.

Adenosini hiyo hiyo ipo kama sindano ya kukata aina fulani ya mapigo ya kasi. Usiikimbilie kwa sababu tu mapigo ni 140. Moyo wa mgonjwa wa sepsisi mara nyingi unakimbia ili kufidia. Dawa itaisha ndani ya sekunde chache, mapigo yatarudi kule kule, na presha inaweza kuporomoka zaidi. Kipimo cha umeme wa moyo kitangulie.

Na rangi ikichelewa, usifungue dripu mpaka mwisho. Utafiti wa FEAST wa mwaka 2011, kwa watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, ulikuta vifo vya saa 48 ni asilimia 10.5 kwa waliopewa maji ya chumvi kwa haraka, na 7.3 kwa wasiopewa. (Hawakuwa watoto wa kuhara, hao wana utaratibu wao.) Katika utafiti wa Zambia uliochapishwa mwaka 2017, watu wazima waliopewa maji mengi mapema na dawa za kupandisha presha walikufa asilimia 48.1, na waliopata huduma ya kawaida asilimia 33. Toa kidogo, bonyeza tena, sikiliza mapafu. Antibayotiki iingie ndani ya saa ya kwanza, na wingi wa damu upimwe, kwani damu haba hubeba oksijeni haba. Rangi isiporudi, mwite daktari mzungumzie noradrenalini, usitundike chupa nyingine.

Kwenye zamu yako ijayo, chora safu ya kidole kando ya ile ya presha katika karatasi ya uangalizi.