Kupima chanjo majumbani: namna ninavyochagua sampuli

Ripoti ya wilaya ikikuonyesha kwamba chanjo ya surua imefikia asilimia 104, usikimbilie kumlaumu muuguzi. Mara nyingi dozi zimehesabiwa vizuri. Kasoro iko kwenye idadi ya watoto inayotumika kugawanya. Pengine ni makadirio ya zamani, pengine akina mama wa wilaya jirani wanaleta watoto wao kwenye zahanati yenu kwa kuwa ndiyo iliyo karibu. Ukitaka kujua hali halisi, nenda majumbani. Na kwa kuwa huwezi kubisha hodi kila mlango, utahitaji sampuli. Nimefanya tathmini za chanjo na za vyandarua kwa muda sasa, na hivi ndivyo ninavyozipanga.

1. Swali kwanza, idadi baadaye

Andika swali kwa sentensi moja: ni asilimia ngapi ya watoto wa miezi 12 hadi 23 waliopata dozi ya tatu ya chanjo ya Penta? Kisha amua utavumilia kupishana na ukweli kwa kiasi gani. Kama huna fununu ya jibu, chukulia asilimia 50, kwa sababu ndiyo inayodai sampuli kubwa kuliko zote. Kwa uhakika wa asilimia 95 na pishano la alama 10 juu au chini, hesabu ni hii: 1.96 × 1.96 × 0.5 × 0.5 ÷ (0.1 × 0.1), yaani watoto 96.

Hao 96 wanatosha tu ikiwa umewachagua mmoja mmoja kutoka wilaya nzima. Ukiwachukua kwa makundi ya vijiji, yaani klasta, kumbuka kwamba watoto wa kijiji kimoja hufanana: kliniki yao moja, barabara yao moja inayokatika masika. Kwa hiyo zidisha kwa 2, upate 192. Ndiyo asili ya mpango wa klasta 30 za watoto 7, jumla 210, ambao Shirika la Afya Duniani (WHO) liliueneza tangu mwishoni mwa miaka ya 1970.

2. Vijiji vichaguliwe kwa ukubwa wao

Orodhesha vijiji vyote na idadi ya kaya, kisha jumlisha kwenda chini, kila kijiji juu ya kilichotangulia. Tuseme jumla ni kaya 48,600. Gawanya kwa 30, unapata 1,620. Chagua kwa bahati nasibu namba kati ya 1 na 1,620, mathalani 947. Kijiji chenye kaya ya 947 ndicho klasta ya kwanza. Cha pili kina kaya ya 2,567, cha tatu ya 4,187, hivyo hivyo mpaka 30. Kijiji kikubwa kina nafasi kubwa ya kuangukiwa, na kidogo hakisahauliki.

3. Ndani ya kijiji ndipo kazi ilipo

Zamani wadadisi walizungusha kalamu katikati ya kijiji, wakafuata ilikoelekea, wakaenda nyumba hadi nyumba mpaka watimize watoto 7. Ni rahisi, lakini nyumba za katikati hupendelewa. Mwongozo wa WHO wa 2018 unataka kaya zichaguliwe kutoka kwenye orodha, na idadi yake ijulikane kabla. Ikiwa kaya moja kati ya tano ina mtoto wa umri huo, watoto 7 wanahitaji kaya 35. Kijiji chenye kaya 280 utachukua kila ya 8, ukianzia popote kati ya 1 na 8.

Daftari la wakazi usiliamini peke yake. Kaa na mwenyekiti wa kitongoji na mhudumu wa afya wa jamii, mchore ramani pamoja. Hapo ndipo utasikia: "Daktari, ng'ambo ya korongo ni wafugaji tu, wanahamahama. Hao waacheni." Mimi hujibu, "Mzee, hao ndio hasa tunaowatafuta," na korongo linachorwa, na maboma yaliyo ng'ambo yanapewa namba. Mnunuzi wa mahindi hatii bambo juu ya gunia tu. Hulizamisha mpaka chini, maana anajua punje nzuri huwekwa wapi.

4. Mlango uliofungwa haubadilishwi

Mdadisi akikuta kufuli atatamani kuingia kwa jirani. Mkatalie. Mama aliye shambani au sokoni mchana kutwa huenda ndiye anayekosa siku ya kliniki. Rudini jioni, rudini alfajiri. Akikosekana kabisa, andika kwamba amekosekana.

5. Ukitaka kujua kata ipi isaidiwe kwanza

Hapo tumia njia iliyozaliwa viwandani, kwenye ukaguzi wa ubora wa bidhaa. Chagua watoto 19 kwa bahati nasibu katika kila eneo. Kwa lengo la asilimia 80, waliochanjwa wakifika 13, eneo linapita. Wakipungua, peleka msaada huko. Ila 12 kati ya 19 usiitangaze kuwa asilimia ya kata. Njia hii hutenganisha maeneo tu. Asilimia utaipata ukiunganisha maeneo yote ya wilaya, kila moja kwa uzito wa idadi ya watu wake.

6. Ripoti

Tenganisha chanjo iliyoonekana kwenye kadi ya kliniki na ile ya kauli ya mama. Usiandike "asilimia 78" pekee; taja na mipaka yake, mathalani 70 hadi 86. Taja pia kaya ngapi hazikupatikana na ziko vitongoji gani. Mganga mkuu wa wilaya akiuliza mbona umepata pungufu ya takwimu za zahanati, orodha hiyo itamwonyesha pa kupeleka chanjo ya mkoba mwezi ujao.