Wafiwa Wasio na Matanga

Mdogo wangu uliyeniandikia ukaniomba nisitaje mji wako, nimekusoma. Unaratibu wahudumu wa kujitolea wa tiba shufaa, wale wanaowatembelea majumbani wagonjwa ambao hospitali imeshasema hakuna cha kuwaponya. Unapanga zamu, unagawa nauli, unapokea simu za usiku. Mwezi uliopita mmezika mfululizo. Ukajikuta unalia kwenye daladala, na bosi wako akakwambia, "Jikaze, hii ndiyo kazi." Sasa unaniuliza kama wewe ni dhaifu.

Si dhaifu. Umefiwa, ila msiba wako hauna turubai.

Hebu tazama. Akifa mtu mtaani kwetu, mambo yana utaratibu wake. Jamvi linatandikwa, sufuria kubwa zinaazimwa, watu wanakuja kutoa pole, na mfiwa haulizwi habari za kazi mpaka tanga lianuliwe. Mgonjwa wenu naye amefariki alfajiri. Dada aliyekuwa akimwogesha kila Jumanne anazikuta habari kwenye kundi la WhatsApp, katikati ya picha za harusi ya mtu. Zinafuata pole na vimikono vya dua, na kabla ya adhuhuri wewe mwenyewe umeshaandika: "Nani ataenda kesho kwa yule bibi wa ng'ambo ya reli?" Sikulaumu, maana bibi naye anasubiri. Lakini huyo dada amelia saa ngapi?

Kwa hiyo kilio kiingize kwenye ratiba, kama unavyoingiza nauli. Kuanzia sasa, habari ya kifo isiende kwenye kundi kabla hujampigia aliyekuwa akimhudumia marehemu. Piga, usiandike. Mwambie, kisha nyamaza umsikilize, hata kama anachosema ni habari ya kanga aliyoisahau kule. Muulize kama anataka kwenda kuzika, na nauli ya mazishi iwe kwenye bajeti yenu, isitoke mfukoni mwake. Mgonjwa mpya usimpe wiki hiyo.

Halafu mara moja kwa mwezi, wakutanishe. Chai kwanza na vitumbua, ripoti zibaki ofisini. Taja majina ya mliowapoteza, moja moja, na kila aliyemjua aseme analolikumbuka. Utashangaa watakavyocheka, kwa sababu wagonjwa wana vituko. Mkimwalika shehe au mchungaji, mwombeni dua tu. Mahubiri yana siku zake.

Unasema hujui kwa nini watu wako wanachoka hivyo ilhali "wanakwenda kupiga soga tu". Mdogo wangu, hiyo soga ndiyo nzito. Cicely Saunders, Mwingereza aliyekuwa muuguzi, akawa ofisa ustawi wa jamii, kisha akasomea udaktari, alifungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967. Alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa hayakai mwilini peke yake. Yamo pia moyoni, rohoni, na katika mambo ya familia na fedha. Ya mwilini, tushukuru, yana morfini ya maji. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dk. Anne Merriman mwaka 1993, iliwaonyesha wengi barani kwetu kuwa dawa hiyo huchanganywa kwa bei nafuu na mgonjwa akainywa akiwa kitandani kwake. Hayo mengine hayana chupa. Anayabeba mhudumu wako akirudi nyumbani.

Chukua hili linalotokea kila siku. Mlangoni mtoto wa mgonjwa anamnong'oneza mhudumu, "Tafadhali, mama asijue." Ndani, mama anamshika mkono: "Mwanangu, nitapona?" Wafundishe wasidanganye, na wasijifanye madaktari wa kutangaza. Mhudumu amrudishie swali kwa upole, "Wewe mwenyewe unauonaje mwili wako, mama?" asikilize, kisha amwarifu nesi siku hiyohiyo. Ndiyo maana nasisitiza waende wawili wawili. Siri kama hiyo haifai kulala na mtu mmoja.

Kwenye fedha uwe mkali. Mhudumu akishaanza kununua unga na sukari kwa hela yake, baada ya muda anaikwepa nyumba ile kwa aibu ya kwenda mikono mitupu. Kanuni iwe kwamba njaa ya mgonjwa inaletwa kwako, nawe unaipeleka kwa mjumbe, msikitini, kanisani au ustawi wa jamii. Na dawa wasiiguse. Familia ikisema morfini imezidi, au mgonjwa amefunga choo, hiyo ni simu ya nesi.

Kuna wanaokuja wakiwa wamemzika mama yao juzi, wanataka kuhudumu papo hapo. Nia yao ni njema, lakini hospisi nyingi huwasubirisha kama mwaka hivi kabla ya kuwaweka karibu na kitanda. Usiwafukuze. Kazi ya kupokea simu ipo, na hivyo vitumbua vinahitaji mpishi.

Nikwambie nani wa kumchunga: si anayelia. Anayelia mara nyingi yuko salama. Mchunge yule anayechukua kila zamu, hakosi, hasemi kitu. Mchunge pia anayeanza kuuliza, "Huyo naye bado yupo tu?" Usimkemee mbele za watu. Mpumzishe mwezi mzima na umwambie wazi kuwa nafasi yake ipo.

Haya, na wewe? Wote wanakupigia, wewe unampigia nani? Usimtwishe mumeo yote, na siri za wagonjwa hazipaswi kufika mezani kwake. Tafuta mtu wa kazi hii aliye nje ya ofisi yako, nesi mstaafu au mratibu wa hospisi nyingine, mpange siku ya kuongea na muiheshimu kama kliniki.

Bosi usibishane naye kuhusu machozi. Mwendee na daftari. Mwonyeshe wahudumu walioacha tangu mwaka uanze, na gharama ya mafunzo ya kuwapata wengine. Mabosi huelewa hesabu. Kisha omba mambo mawili kwa maandishi: nauli ya mazishi, na msaidizi wa kushika simu mwishoni mwa juma.

Akikubali, Ijumaa jioni mkabidhi msaidizi simu yenyewe, na chaja yake. Najua atapanga zamu tofauti na ulivyozoea, pengine atampeleka kwa bibi mtu ambaye usingemchagua. Mwache, hadi Jumatatu.