Mshahara Umebadilika na Mkopo wa Nyumba Bado Haujatoka: Ufanye Nini?

Umepeleka ombi la mkopo wa nyumba. Mthamini ashakuja kuikagua nyumba, deposti umelipa, unangoja tu benki itoe pesa. Halafu unapata barua kazini: mshahara unapunguzwa. Wengi wetu hapo hunyamaza, tukiomba benki isijue. Kunyamaza ndiko kunakoleta hasara.

Benki itajua

Kuidhinishwa si kupewa pesa. Kabla ya kutoa mkopo, benki inaweza kuitisha tena karatasi ya mshahara, kumpigia mwajiri wako simu na kuangalia rekodi yako ya CRB. Taarifa yako ya miamala ya simu nayo haifichi kitu: inaonyesha pesa zinazoingia na mikopo midogo uliyochukua kuziba pengo.

Tupige hesabu

Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara.

Tuseme unalipwa KSh 90,000. Makato yote yasipite 60,000. Ushuru, NSSF, SHIF na ada ya nyumba vinachukua takriban 26,000, na mkopo wa Sacco 6,000. Unabaki na nafasi ya 28,000. Kwa riba ya asilimia 9.5 na miaka 20, hiyo inatosha mkopo wa KSh milioni 3.

Mshahara ukishuka hadi 72,000, makato yasipite 48,000. Serikali sasa inachukua takriban 19,000, Sacco bado 6,000. Nafasi iliyobaki ni 23,000, ambayo inabeba mkopo wa karibu milioni 2.5 tu. Nusu milioni imepotea.

Lakini angalia hapa: ukimaliza deni la Sacco, nafasi inarudi kuwa 29,000. Ule mkopo wa milioni 3 unawezekana tena! Hii ndiyo maana ya kusema mapema: kuna mambo bado yanaweza kurekebishwa.

Deposti yako iko hatarini

Kwa kawaida mnunuzi hulipa asilimia 10 na kupewa siku 90 kukamilisha ununuzi. Kwa nyumba ya milioni 3.4, hiyo ni KSh 340,000. Benki ikigundua siku ya 80, hutakuwa na muda wa kutafuta njia nyingine, na deposti inaweza kwenda hivyo hivyo.

Hata habari njema zisemwe

Umepata kazi mpya yenye mshahara mnono? Hongera, lakini benki inaweza kutaka umalize kwanza kipindi cha majaribio. Umeacha kazi ukafungua biashara? Itataka kuona miezi kadhaa ya mapato ya biashara hiyo. Kama unaweza, ngoja mkopo utoke ndipo uhame.

Fanya hivi

1. Mwambie afisa wa mikopo wiki hiyo hiyo, kwa maandishi, ukiambatisha barua ya mwajiri.
2. Uliza njia zilizopo: kupunguza mkopo, kuongeza deposti, kurefusha miaka, au kuomba pamoja na mume au mke wako.
3. Ongea na wakili wako kuhusu kuomba muuzaji akuongezee siku, kabla hazijaisha.
4. Usikope kwa simu ili kujaza pengo. Kila deni jipya linakula ile nafasi yako.
5. Usizungushe pesa kati ya laini zako ili ionekane una mapato. Afisa anayesoma taarifa ataona pesa ni zile zile.
6. Kama una biashara, pokea malipo ya wateja kwenye laini moja ili mapato yako yasomeke vizuri.

Na ukiulizwa taarifa ya miamala, itoe wewe mwenyewe kwenye simu yako na uipeleke benki. PIN yako usimpe mtu yeyote, hata akisema ni wa benki, hata akisema ni sisi.