Kuoka nyama ya wakwe bila oveni

SWALI: Wakwe wanakuja Jumamosi. Nataka kuoka pande zima la nyama ya ng'ombe, kilo 3, lakini nina sigiri tu. Litalainika kweli?
Mama wa binti, Kyondo

JIBU: Hongera, mama. Litalainika, ila achana na paja; halina mafuta, hukauka upesi. Ukishuka Bwera, mwombe muuza nyama bega lisilokatwakatwa. Lipake chumvi, tangawizi na kitunguu saumu asubuhi na mapema.

Likaange pande zote kwenye sufuria nzito mpaka ligeuke kahawia, tia vikombe 2 vya maji, funika, kisha palia makaa: machache chini, mengi juu ya mfuniko. Tenga saa 4. Milimani maji huchemka kabla ya nyuzi 100 (kwenye mita 1,500 ni kama 95 tu), kwa hiyo muda wa vitabu vya mapishi vya Ulaya usiuamini. Uma ukizama bila kushindana, ipua.

Liache dakika 20, ndipo ulikate kwa kukingama na nyuzi za nyama. Mchuzi wa chini usiumwage hata kidogo: kwa ugali wa bundu hauna mfano, na wazee watauulizia kabla ya nyama yenyewe.