Zipu Iliyokataa Kufunga

Wenyeji wa nchi za juu, kama Njombe, Makete na Lushoto, hawahitaji kufundishwa habari za baridi ya mwezi wa Juni na Julai. Huko Makete asubuhi nyingine sakitu hulala majanini, nyeupe kama unga. Mtoto atoka kwenda shule, mwinjilisti apanda pikipiki kwenda mtaa wa mbali, na kila mmoja amevaa koti zito la mtumba. Kitambaa cha koti ni kizima, bitana ni nzima, mifuko haijatoboka. Walakini kifua ki wazi, maana zipu imekataa kufunga. Koti la namna hiyo ni nyumba yenye kuta nzuri isiyo na mlango.

Basi watu hufanyaje? Wengine hulishusha koti likawa la shambani. Wengine hulipeleka kwa fundi cherehani, naye, kama ana kazi nyingi, hulitazama kwa jicho moja tu na kusema, "Zipu hii imekufa, lete nyingine." Zipu yote hufumuliwa, mpya hushonwa mahali pake, na mara nyingi ile mpya ni dhaifu kuliko ile iliyotolewa. Fedha imekwisha kutoka, na kumbe zipu ya kwanza haikufa. Kilichougua ni kichwa chake tu, kitu kisichozidi ukubwa wa harage. Jambo hili twataka kulionyesha leo, ili kila mwenye sindano na koleo nyumbani ajue kupima kabla ya kufumua.

Kwanza na tupatane kwa majina. Zipu ya koti ina tepe mbili za kitambaa, moja kila upande. Katika ukingo wa kila utepe yamepangwa meno. Kile kinachopanda na kushuka mafundi hukiita kichwa, na kile kidogo tunachokishika kwa vidole ni kishikio. Chini kabisa, upande mmoja una kijiti, na upande wa pili una kisanduku kinachokipokea kijiti hicho. Juu, karibu na ukosi, kila upande una kizuizi, yaani kipande kidogo cha chuma au cha plastiki, ili kichwa kisitoke kikaanguka.

Meno nayo ni ya namna tatu. Yapo ya chuma, yapo ya plastiki yaliyosimama moja moja kama punje za mahindi, na yapo ya uzi wa nailoni uliozungushwa mfano wa kamba ya chemchemi. Yafaa kuzikumbuka namna hizi tatu, maana kichwa cha namna moja hakifai kwa namna nyingine.

Je, meno hushikanaje? Kila jino la chuma lina kinundu upande mmoja na kishimo upande wa pili. Kinundu cha jino la kulia huingia katika kishimo cha jino la kushoto, na hivyo mpaka juu. Lakini meno hayawezi kuingiana yenyewe. Ndani ya kichwa mna njia mbili zinazokutana na kuwa moja, kama njia panda. Meno huingia juu kwa njia zile mbili yakiwa yameinama na kuachana kidogo, hubanwa pamoja, kisha hutokea nyuma kwa njia moja yakiwa yamekwisha kushikana. Unapokishusha kichwa, kile kikabari kilicho kati ya zile njia mbili huyatenga tena. Nailoni haina vinundu vya namna hiyo, bali vitanzi vyake hunaswa kila kimoja kati ya viwili vya upande wa pili. Kazi ya kichwa ni ile ile.

Watu walitaabika miaka mingi kuipata hekima hii ndogo. Mmarekani mmoja, Whitcomb Judson, alipewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1893, akautengeneza kwa ajili ya viatu. Lakini ulikuwa na tabia ya kufunguka wenyewe mahali pasipotakiwa, jambo ambalo wengi wetu twalifahamu hata sasa! Mhandisi mzaliwa wa Uswidi aliyehamia Marekani, Gideon Sundback, ndiye aliyeyasogeza meno yakaribiane na kuyatia vinundu na vishimo mwaka 1913, akapewa hati mwaka 1917. Jina lenyewe, ambalo sisi tumeligeuza kuwa zipu, lilianza mwaka 1923 katika viatu vya mpira vya kampuni ya B.F. Goodrich, nalo latokana na mlio wake.

Sasa na turudi kwenye koti. Lifunge polepole, huku umetulia, na kutazama. Je, kichwa chapanda vizuri, lakini meno yaachana nyuma yake, kana kwamba hayakufungwa? Tazama meno kwa makini toka chini hata juu. Kama yote yapo, nayo yamesimama sawa, basi meno hayana kosa. Mwenye kosa ni kichwa. Kwa kusuguliwa siku nyingi, bamba lake la juu na bamba la chini zimeachana, na ile njia ya nyuma imekuwa pana mno kwa kubana. Kigeuze koti, utazame kichwa kwa nyuma, ulinganishe kulia na kushoto. Mara nyingi utaona kwa macho kwamba upande mmoja umefunuka kuliko mwenziwe.

Dawa ya kwanza ni koleo. Kishushe kichwa mpaka chini, ukitoe kijiti katika kisanduku, kichwa kibaki upande mmoja. Shika kwa koleo ukingo wa nyuma wa kichwa, yaani ule ulioelekea chini ya koti, ukibane bamba la juu na la chini pamoja, kidogo sana. Kisha ubane ukingo wa pili kwa kiasi kile kile. Jaribu kufunga. Kama bado, bana tena kidogo. Twasema kidogo, na twalirudia neno hili kwa makusudi, maana hapa ndipo vichwa vingi vinapoangamia. Vichwa vingi vimefanywa kwa zinki iliyoyeyushwa na kumiminwa, wala zinki haikubali kupindwa kama chuma, ukiilazimisha yapasuka. Naye aliyebana hata kichwa kisisogee, na aingize ncha ya bisibisi bapa nyembamba kwa upole, apafungue tena kidogo.

Dawa hii yaweza kudumu miezi, yaweza kudumu wiki mbili. Kichwa kilichokwisha kulika ndani hakirudishiwi unene wake kwa koleo. Hatuna budi kusema hivyo, ili mtu asilihesabu koti kuwa limepona kabisa akalipeleka safarini kwenye mvua. Tengenezo lenyewe hasa ni kukibadili kichwa.

Kichwa kipya chapatikana wapi? Mafundi wa viatu na mabegi sokoni huwa navyo, na pengine huviuza kimoja kimoja. Lakini kabla ya kwenda sokoni, tazama nyumbani. Begi la shule lililochanika, suruali iliyokwisha kuwa matambara, koti la marehemu babu lililoliwa na panya: kila kimoja chaweza kuwa na zipu yenye kichwa kizima. Geuza kichwa cha zamani utazame mgongoni pake. Vingi vimepigwa chapa ya namba, kama 3, 5, 8 au 10. Namba hiyo yaonyesha ukubwa wa zipu, nayo hukaribiana na upana wa meno yaliyofungwa kwa milimita. Makoti mengi hutumia 5, na yale mazito 8 au 10. Tafuta namba ile ile na namna ile ile ya meno. Kichwa cha namba 5 cha nailoni hakitakwenda vema juu ya meno ya chuma ya namba 5, hata ukikisihi namna gani.

Kukibadili ni hivi. Zipu ikiwa wazi, kichwa hubaki upande wenye kisanduku. Nenda juu ya upande huo, uking'oe kile kizuizi kilicho karibu na ukosi. Kama ni cha chuma, kifungue kwa koleo pasipo kuurarua utepe, ukakitunze. Kama ni cha plastiki, kikate polepole kwa ncha ya koleo au kwa kiwembe, nacho hakitarudi tena. Pandisha kichwa cha zamani mpaka kitoke. Ikiwa ncha ya utepe imekunjwa ndani ya ukosi, fumua mishono michache tu ili upate nafasi. Ingiza kichwa kipya kutoka juu, mdomo wenye njia mbili ukielekea shingoni, na kishikio kikiwa nje ya koti. Wengi hukosea hapa, wakakiingiza kichwa juu chini, kisha wakailaumu zipu. Kishushe, ingiza kijiti, ujaribu mara kadhaa. Ikienda vema, rudisha kizuizi ulichokitunza. Kama kilivunjika, shona mahali pake kwa uzi mnene, mishono mitano au sita juu ya jino la mwisho, mpaka lifanyike fundo gumu.

Zipu isiyoachana bali yakwama tu haihitaji mambo hayo. Isugue kwa mswaki wa kale na maji ya uvuguvugu yenye sabuni, ianike, kisha pitisha kipande cha mshumaa juu ya meno pande zote mbili. Kwa meno ya chuma, ncha ya penseli ya kawaida nayo yafaa sana. Usipake mafuta ya kupikia. Siku ya kwanza italainika, siku ya tatu imekusanya vumbi, na doa limeingia katika kitambaa. Kama bitana imeumwa na kichwa, usivute kwa nguvu. Rudisha kichwa nyuma kidogo kidogo huku unauvuta ule mkunjo wa bitana kwa upande.

Yako magonjwa yasiyoponyeka. Meno mawili matatu yakitoka katikati, au nailoni ikijitenga na utepe wake, au kijiti cha chini kikitoka pamoja na nyuzi zake, zipu hiyo imekufa kweli, na fundi akisema hivyo amesema haki. Walakini ikiwa utepe umeanza tu kuchambuka penye kijiti, nacho bado chashika, tia tone la gundi kali au rangi ya kucha isiyo na rangi, uache ikauke na kuwa ngumu. Yaweza kukupa mwaka mwingine.

Mwenye kununua zipu mpya na apime ile ya zamani ikiwa imefungwa, toka chini ya kisanduku hata kizuizi cha juu, wala asiende dukani na makadirio ya kichwani. Aitake ile inayoachana chini, maana zipu ya sketi hufanana nayo machoni lakini haifunguki. Ikikosekana ya urefu ule ule, achukue ndefu zaidi, kwa kuwa yaweza kupunguzwa upande wa juu. Chini haipunguzwi, maana ndipo kilipo kisanduku.

Kabla ya kufumua, tia alama za chaki kwenye koti pande zote mbili, zikitazamana: penye mfuko, penye mshono wa kiuno, penye ukosi. Bila alama hizi koti litafungwa mfuko mmoja ukiwa juu kuliko mwenziwe, nalo litakuaibisha kila mtu akutazamapo. Fumua kwa kiwembe, uzi mmoja mmoja. Piga bandi upande wa kwanza kwa mishono mirefu, ukiacha nafasi ndogo kati ya kitambaa na meno ili kichwa kipite pasipo kuila bitana. Kisha funga zipu, utie alama kwenye utepe wa pili mkabala wa zile za kwanza, uifungue, upige bandi upande wa pili, uifunge tena na kulivaa koti. Ukiona yote yametazamana, ndipo ushone kabisa.

Asiye na cherehani asikate tamaa. Uzi imara wa poliesta uliokunjwa mara mbili na kupitishwa juu ya mshumaa, mishono mifupi inayorudi nyuma nusu hatua kila mara, na subana kidoleni: mshono wa namna hiyo haushindwi na wa mashine kwa nguvu, ila kwa mwendo tu. Koti la mtu mzima laweza kukumalizia jioni mbili.

Tena koti likiwa la mtoto mdogo, mfundishe kukisukuma kijiti mpaka kigote chini ya kisanduku kabla ya kuvuta kichwa. Watoto huvuta mapema, kijiti kikiwa nusu njia. Kichwa hupanda kikiwa kimepinda, na siku chache baadaye mabamba yake yameachana. Ukilifua koti, lifue zipu ikiwa imefungwa. Nacho kichwa kizima kilichotoka katika nguo iliyokwisha kazi, kitie katika kopo la vifungo, pamoja na kipande cha utepe wake chenye meno machache, ili siku ya haja ujue ni cha namna gani.