Ukoko wa Injini na Dawa Zake

Kila mtu aliyepata kupika wali ajua tofauti ya masizi na ukoko. Masizi hukaa nje ya sufuria, nayo hutoka kwa kusuguliwa na jivu na maji. Ukoko hukaa ndani, umeshikamana na chuma, wala hautoki ila kwa kulowekwa au kukwanguliwa. Ndani ya injini ya motokaa au pikipiki vitu hivi viwili vyapatikana pia, na asili yake ni kaboni. Mafundi waliojifunza kazi kwa Kifaransa, huko Kongo na Burundi, huviita kalamini.

Nataka kueleza jinsi ukoko huo unavyotokea, na kazi ya zile dawa zinazouzwa katika chupa ndogo kwenye maduka ya vipuri ili kuuondoa. Jambo hili si la mafundi peke yao. Hapa Rwekubo na kule Nakivale vijana wengi hula kwa pikipiki za bodaboda, na bei ya chupa moja ni petroli ya safari kadhaa. Mtu akinunua dawa isiyofika mahali penye ukoko, fedha yake imekwenda na injini yake ni ile ile.

Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi, lakini tuchukue oktani, ambayo twaijua darasani:

2C8H18 + 25O2 = 16CO2 + 18H2O

Hapo kaboni yote imetoka kwa bomba la moshi. Lakini mlinganyo huo wataka hewa ya kutosha: kilo 1 ya petroli huhitaji hewa kilo 14.7 hivi. Hewa ikipungua, sehemu ya kaboni hukosa oksijeni ikabaki masizi. Sasa tutazame hali ya nchi yetu. Mbarara iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika nane. Kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani haina habari hiyo. Yaendelea kutoa petroli karibu kipimo kile kile. Ongeza na vumbi la barabara za Nakivale wakati wa kiangazi, ambalo huziba filta ya hewa hata injini ikavuta pumzi kama mtu aliyejifunika blanketi usoni. Motokaa zenye kompyuta hujirekebisha zenyewe. Pikipiki ya kabureta haijirekebishi.

Oili nayo ina sehemu yake. Hupita penye ringi zilizolika, au kando ya shina la vali, ikaungua nusu nusu na kuwa gundi. Gundi hiyo hunasa masizi, joto huikausha, kisha tabaka nyingine huja juu yake. Huo ndio ukoko.

Wengine husema, kaukoko kadogo kana ubaya gani? Tufanye hesabu. Chukua silinda ya sentimita za ujazo 100, na juu ya pistoni inapofika kileleni ibaki nafasi ya 12.5. Mgandamizo wake ni 112.5 kugawanya kwa 12.5, yaani 9. Sasa ukoko ushike nafasi ya 1.5 tu, kiasi cha theluthi moja ya kijiko cha chai. Nafasi iliyobaki ni 11, na mgandamizo ni 111 kugawanya kwa 11, yaani 10 na zaidi kidogo. Petroli iliyofaa kwa 9 sasa yagandamizwa kupita kiasi, inashika moto kabla ya wakati wake, nawe wasikia injini ikigonga kilimani kama mtu apigaye debe kwa spana. Tena ukoko haupitishi joto vizuri, basi ncha yake huweza kuwa nyekundu kama kaa la moto na kuwasha petroli bila kungoja plagi. Pistoni zimetobolewa kwa njia hiyo.

Wanafunzi wa zamani watakumbuka jinsi kufungua kichwa cha injini na kukwangua kaboni kulivyokuwa kazi ya kawaida, maana petroli ya siku zile ilitiwa risasi, nayo ilizidisha uchafu. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha petroli ya risasi mwanzoni mwa mwaka 2006.

Kabla ya kununua dawa yoyote, fungua plagi uitazame, haina gharama. Ikiwa ya kahawia hafifu, injini yachoma vema. Ikiwa nyeusi na kavu, unga wake ukishika vidoleni, petroli imezidi hewa: safisha filta, rekebisha kabureta. Ikiwa nyeusi na yenye mafuta, tena moshi ni wa buluu, oili yapanda juu, na hapo chupa haitasaidia hata ukinunua kumi. Ringi au vali ndizo zinazodai fedha yako.

Basi dawa yenyewe hufanya nini? Watu husema huyeyusha kaboni. Si kweli. Hakuna kimiminika katika duka lolote kinachoyeyusha kaboni tupu. Hata sisi wa kemia kidato cha sita tusingeweza kukitaja. Dawa huyeyusha ile gundi, na kaboni ikikosa gundi hubanduka. Katika chupa nyingi mna vitu kama zailini, tolwini na asetoni. Chupa zilizo bora zaidi huandikwa herufi PEA, yaani polietaamini. Hii hufanya kazi kwa mfano wa sabuni: kichwa chake chenye naitrojeni hushika uchafu, na mkia wake mrefu hupenda petroli, hivyo uchafu huvutwa kidogo kidogo. Kwa hiyo dawa ya kutia katika tangi haifanyi kazi kwa dakika tano, bali kwa tangi zima la petroli.

Hapa ndipo wenye motokaa hukosea sana. Dawa iliyotiwa katika tangi hufika pale tu petroli inapofika. Katika injini za desturi, petroli hupita juu ya vali za kuingizia na kuziosha. Lakini mwaka 1996 Toyota ilitoa injini iitwayo D-4, ambayo hupiga petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Toyota Noah za kuanzia 2001, ambazo ni nyingi barabarani kwetu, zinayo, na Premio za lita 2 vile vile. Katika injini hiyo petroli haigusi mgongo wa vali kamwe, hali mvuke wa oili waupita kila siku. Waweza kumimina chupa ishirini katika tangi, na vali zitabaki na ukoko wake. Hapo yatakiwa dawa ya kupuliza kwa njia ya hewa, au kufungua na kusafisha kwa mkono. Toyota wenyewe, kuanzia 2005, walitoa injini zenye nozeli za namna mbili, ili petroli ipite huku na huku.

Kwa pikipiki ya silinda moja iko njia rahisi. Pasha injini moto kidogo, izime, ingoje mpaka mkono waweza kuigusa. Toa plagi, pandisha pistoni hadi kileleni vali zote zikiwa zimefungwa, mimina dawa isiyozidi mililita 10, uiache usiku kucha. Asubuhi, swichi ikiwa imefungwa na plagi ikiwa bado nje, funika tundu kwa kitambaa na upige kiki mara nyingi hata dawa yote itoke. Usisahau hili. Kimiminika hakigandamiziki kama hewa; ukirudisha plagi na dawa ingali ndani, mkono wa pistoni hupinda. Kisha badili oili, kwa sababu dawa nyingine imekwisha kupenya chini kwenye ringi na kuizimua.

Wako watu ambao, wakiona dawa ni ghali, hutia vyuma katika kostiki soda. Kwa chuma cha pua haina neno. Kwa alumini ni maangamizi:

2Al + 2NaOH + 6H2O = 2NaAl(OH)4 + 3H2

Pistoni ni ya alumini, na kichwa cha injini karibu zote za siku hizi ni cha alumini. Nimepata kuona pistoni iliyolazwa humo usiku mmoja; asubuhi ilikuwa safi kweli, lakini imejaa vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Na haidrojeni inayotoka hushika moto upesi. Ni heri mafuta ya taa na kijiti cha mbao cha kukwangulia.

Kazi hii ifanywe nje, si ndani ya karakana iliyofungwa, wala mtu asivute sigara karibu. Mvuke wa tolwini huleta kizunguzungu, na petroli ambayo mafundi wengi hunawia mikono ina benzini, iletayo saratani ya damu. Oili chafu nayo itiwe katika jerikani, isimwagwe mferejini, maana mvua huipeleka bondeni, na Ziwa Nakivale ndilo linalowanywesha watu wengi wa makazi yale. Mabwawa ya Mburo na Nakivale yaliandikwa mwaka 2006 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zinazolindwa.

Siku ya kwanza baada ya kusafisha, moshi utakuwa mzito na wenye harufu kali. Usishtuke. Endesha polepole, kisha baada ya kilomita mia mbili hivi toa plagi tena uitazame rangi yake.